Injini Aliyopewa kwa Kicheko

Kule karakana ya ndege tulimwita Msasa, naye aliitikia. Jina lilimkaa. Viganja vyake vilikwaruza ukimpa mkono, na ulimi wake ulikwaruza zaidi. Ukifunga nati vibaya hakukufokea. Aliifungua polepole mbele yako, akaiweka kiganjani mwako, akasema, "Kamuulize mama yako kama hukuzaliwa na pacha mwenye akili." Kisha akaendelea na kazi yake kana kwamba hujasimama pale.

Kampuni yetu ilikuwa na ndege ndogo za kunyunyizia dawa mashambani. Msasa alikuwa fundi wa injini miaka ishirini na miwili, mwanamke pekee kati ya wanaume kumi na mmoja, na hakuna ndege iliyowahi kuanguka kwa kosa la mkono wake. Mimi nilikuwa mpiga rangi. Nasimulia haya kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu nina sehemu yangu humu. Nitaisema itakapofika.

Alikuwa mjane asiye na mtoto. Mtu wake duniani alikuwa mdogo wake wa kike, fundi cherehani, ambaye Msasa alimlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Mdogo huyo aliolewa na mtunza stoo wetu. Msasa ndiye aliyemtafutia shemeji yake ile kazi, akamfundisha kutambua beringi kwa namba zake na boliti kwa meno yake. Shemeji alikuwa mtu mpole, wa kupiga mistari ya daftari kwa rula hata pale ambapo daftari lilikuja na mistari yake. Msasa alimdharau kidogo na kumpenda sana, wala hakuficha lolote kati ya hayo mawili.

Mkurugenzi mpya alipokuja, jambo la kwanza aliloona ni ndege iliyofungiwa ndani siku ya kazi. Akauliza kwa nini. Msasa akamjibu mbele ya wateja kwamba bomba la mafuta lina ufa, na kwamba kama yeye mkurugenzi ana haraka, apande airushe mwenyewe. Wateja walicheka. Mkurugenzi naye alicheka. Miezi mitatu baadaye alifunga kitengo cha injini, akasema kuanzia sasa zitapelekwa kutengenezwa kwingine. Watu wanne waliachishwa kazi, na jina la Msasa lilikuwa juu ya orodha.

Walifanyiwa hafla ya kuagwa mle mle ndani ya banda la ndege, soda na keki juu ya meza ya kukunja. Wale watatu walipewa saa za ukutani. Ilipofika zamu ya Msasa, mkurugenzi aliagiza troli iliyofunikwa turubai isukumwe mbele. Akalivuta turubai kama mtu wa mazingaombwe. Chini yake palikuwa na injini ndogo ya rota, ile ya ndege ya kuelea kwa upepo iliyovunja bawa ikitua miaka minane nyuma. Panya walikuwa wamejenga kiota kwenye tundu lake la hewa. Nyasi zilichungulia nje.

"Huyu mama anapenda injini kuliko watu," alisema mkurugenzi. "Na tunajua nyumbani yuko peke yake. Basi tumemtafutia mume. Amezeeka kidogo, lakini hasemi sana, na hahitaji kupikiwa."

Tulicheka. Sitaki kusema walicheka. Mimi nilicheka mpaka nikaegemea bawa la ndege. Hata shemeji yake alicheka, akitazama viatu vyake.

Msasa alisubiri tumalize. Halafu akasema, "Nimempokea. Nani atanisaidia kumbeba?"

Ni shemeji aliyemsaidia. Waliipakia kwenye pikapu ya jirani, yeye akashika upande wa kushoto, Msasa upande wa kulia, na mkurugenzi akawapungia mkono.

Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na kibanda cha mabati nyuma, ambamo alikuwa na mashine kuukuu ya kukereza chuma. Injini aliiweka juu ya meza ya kulia chakula, akatandika gazeti, akaifungua. Injini ya namna ile haina pistoni za kupanda na kushuka. Ndani yake kuna kipande kimoja cha pembetatu chenye mashavu yaliyovimba, nacho huzunguka ndani ya chumba chembamba kiunoni. Ni nyepesi, mtu mmoja mwenye mgongo mzima anaweza kuinyanyua, na ina nguvu kuliko umbo lake. Msasa alitarajia kukuta kutu. Alikuta chumba kinang'aa. Vibanzi vya kuzibia kwenye zile ncha tatu vilikuwa kama vya jana. Yule aliyetaka kumdhihaki alikuwa amempa kitu kizima.

Sasa, mjini kwetu kulikuwa na uwanja wa kushindanisha vigari vidogo, vile ambavyo dereva hukaa chini karibu makalio yaguse lami. Mkurugenzi alishindana huko kila Jumamosi. Ofisini kwake alikuwa ametundika picha tatu, zote za yeye na kikombe. Msasa hakuwahi kumwambia mtu kwa nini aliamua kuitia injini ile kwenye kigari badala ya kuiuza. Hakukuwa na haja ya kueleza.

Kazi ilimchukua miezi saba. Injini ya ndege ikiondolewa pangaboi lake inakuwa kama mtu aliyenyang'anywa mapafu na miguu kwa pamoja. Ni pangaboi linaloipuliza isiungue, na ni uzito wa pangaboi unaoifanya izunguke bila kuzima. Msasa akaifungia feni mbili za lori kwa ajili ya upepo. Kwa ajili ya nguvu ya kuondokea akaweka klachi na mnyororo wa pikipiki. Mdogo wake akashona kiti kwa turubai la lori, akamtania, "Dada, umemtengenezea mumeo kitanda kizuri." Msasa alicheka, jambo ambalo halikutokea kila mwezi. Shemeji alikuja Jumapili kushika taa na kupitisha spana.

Kilichobaki kilikuwa flaiwili, lile gurudumu zito la kushika mzunguko badala ya pangaboi. Alitaka sahani ya chuma cha kufua, hakuipata. Akachukua sahani ya chuma cha kumimina kutoka kwenye kinu kilichokufa, akaikereza. Alijua vizuri anachofanya. Chuma cha kumimina kikizungushwa kupita uwezo wake hakipindi wala hakitoi onyo. Kinapasuka kama sahani ya udongo, na vipande vinaruka kama risasi. Alipiga hesabu siku mbili, akaandika kwa chaki ukutani: elfu sita, basi. Maana yake mizunguko elfu sita kwa dakika na si zaidi. Akafunga boliti ndefu chini ya pedeli ya mafuta ili mguu usiweze kukanyaga kupita hapo, na akalizungushia lile gurudumu ngao ya bati nene, nzito na mbaya kutazama. Hakumweleza mtu. Hakuwa na desturi ya kueleza kazi yake kwa watu waliokuja kushika taa.

Jumamosi moja mchana akakipeleka uwanjani. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, amevaa ovaroli yake ya kazini iliyobanduliwa nembo. Mkurugenzi alipomwona alitabasamu, akamwita msimamizi wa uwanja, akasema, "Mwacheni mama acheze." Mizunguko kumi. Kigari cha Msasa kililia kama nyigu aliyefungiwa ndani ya debe, mlio ambao sisi wa ndege tuliutambua na wengine walishangaa. Mzunguko wa nne alimpita mkurugenzi kwa ndani, kwenye kona, karibu kabisa, hata akamlazimisha aguse matairi ya pembeni. Alimaliza akiwa mbele kwa nusu ya uwanja.

Alivua helmeti. Mkurugenzi alikuwa bado anahangaika na mikanda yake. Msasa akamwendea mpaka pale alipokaa, akainama kidogo ili asikike.

"Mume wangu anakusalimu," alisema.

Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Nasi wa karakana tulicheka kwa sauti ileile ya siku ya keki, safari hii tukimwangalia mtu mwingine.

Jumatatu tuliitwa ofisini mmoja mmoja. Mkurugenzi alikuwa na karatasi mbele yake. Alinikaribisha kiti, akaniuliza kwa upole, "Unakumbuka kampuni kumpa mtu yeyote injini?"

Nilitazama zile picha za vikombe. Nilikuwa na kazi moja tu.

"Sikumbuki, bosi," nilisema.

"Saini hapa, basi."

Wote tulisaini. Lakini saini iliyohitajika hasa ilikuwa ya mtunza stoo, kwa sababu kwenye daftari lake injini ile ilikuwa bado imeandikwa mali ya kampuni. Yeye na mke wake waliishi kwenye nyumba za kampuni, chumba na sebule nyuma ya banda. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri kwamba injini iliondoka bila idhini na kwamba yeye hakujua ilivyotoka. Alasiri hiyo askari wawili walikwenda na lori kwa Msasa, wakakichukua kigari kizima, feni, kiti na yote. Barua waliyomwachia ilinukuu maneno ya mtunza stoo, ikasema kampuni kwa huruma yake haitamshtaki.

Siku iliyofuata Msasa alikuja getini, akasubiri shemeji atoke. Tulikuwepo. Hakupaza sauti.

"Ulishika upande wa kushoto," alimwambia.

Shemeji alihamisha funguo za stoo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Nakukumbusha tu. Wa kushoto. Nilikuambia uangalie vidole."

Akaondoka. Mdogo wake alimfuata siku hiyohiyo nyumbani kumwomba radhi kwa niaba ya mume. Msasa alimkaribisha, akampa maji, akamwambia kwamba yeye ni damu yake na mlango uko wazi, ila yule mwingine akija, aje kama anavyokuja mteja.

Sasa imefika zamu yangu. Mkurugenzi alitaka kigari kile kiwe cha kampuni, apambe nacho siku ya kuwakaribisha wateja. Nilipewa kazi ya kukipaka rangi nyekundu yenye mistari. Akaja kutazama, akaonyesha ile ngao ya bati. "Hii takataka inaficha injini. Iondoe, watu waone." Niliifungua kwa boliti sita, nikaitupa nyuma ya banda. Nilidhani ni kifuniko cha vumbi. Nilimjua Msasa miaka kumi na minne, mwanamke ambaye hakuwahi kuweka skrubu moja isiyo na kazi, na bado nilidhani ni kifuniko cha vumbi.

Mkurugenzi alikijaribu kigari, akarudi amekunja uso. Hakikwenda kama alivyotaka. Akaiona boliti chini ya pedeli, akamwagiza mtunza stoo aitoe. Shemeji, kwa kuwa hakuwa mtu wa kutoa kitu bila kujua kimewekewa nini, alimwambia bosi wake kwamba spana yenyewe haipo mpaka kesho. Jioni akaenda kwa Msasa.

Alimkuta uani anafungua pampu ya maji. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inamlisha sasa. Mazungumzo yao nimeyasikia kutoka kwa wote wawili, kwa nyakati tofauti, na hayapishani.

"Hodi, dada."

"Una pampu?"

"Sina pampu. Nimekuja kuuliza neno moja." Alibaki amesimama kwa sababu hakuambiwa akae. "Ile boliti chini ya pedeli ya mafuta. Wanataka niitoe. Ni ya nini?"

Msasa aliendelea kusugua vali ya pampu kwa kitambaa.

"Injini ipi hiyo?" aliuliza.

"Dada."

"Mimi sina injini. Si ni mali ya kampuni? Uliandika mwenyewe. Kamuulize mwenye mali."

"Nakuomba. Hata ukinitukana, lakini niambie."

"Shemeji, mimi sijui ilivyotoka, wala sijui ilivyofungwa." Alimrudishia maneno ya ile karatasi yake, akaongeza lake. "Ukitoka rudisha geti, mbuzi wa jirani wanaingia."

Yule bwana alirudisha geti. Asubuhi akaitoa boliti.

Msasa aliniambia baadaye kwamba usiku ule hakulala vibaya. Alitaka nijue hivyo. Alidhani atakayekalia kigari ni mkurugenzi. Picha aliyokuwa nayo kichwani ni ya mtu mwenye suti, na picha hiyo haikumsumbua. Kwamba injini ya ndege hupashwa moto kwanza, na kwamba mwenye kuipasha moto si bosi, alilijua hilo kwa miaka ishirini na miwili. Siku ile hakulifikiria. Ndivyo alivyosema, nami sina la kuongeza.

Siku ya wageni walikuja watu kama sitini. Viti vilipangwa ndani ya banda. Kigari kilipandishwa juu ya stendi ili tairi zizunguke hewani, na shemeji akapiga magoti kando yake, mkono wa kulia kwenye waya wa pedeli ya mafuta, kuipasha injini kabla bosi hajapanda. Mkurugenzi alisimama hatua tatu nyuma yake akieleza wageni. Akasema, "Ongeza, wasikie." Shemeji akaongeza. "Ongeza." Mlio ulipanda mpaka watoto wa wageni wakaziba masikio.

Sikusikia mlipuko. Nilisikia bati la paa likitoboka. Nilipotazama, mahali pa flaiwili palikuwa wazi, na shemeji alikuwa bado amepiga magoti vilevile, akiutazama mkono wake uliokuwa unaning'inia mahali ambapo mkono haukunjiki. Hakupiga kelele. Alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa stoo, "Umekatika." Halafu akalala ubavu.

Walimkata juu ya kiwiko. Mkurugenzi hakupata hata doa kwenye shati.

Wiki mbili zikapita, wakaja wakaguzi wa usalama kazini kuuliza mashine ile ni ya nani na nani aliyeiruhusu ndani ya banda lenye wageni. Tukaitwa tena mmoja mmoja. Kiti kilekile.

"Unakumbuka siku ya kuwaaga wale wanne?" aliuliza mkurugenzi. "Nilimpa yule mama injini, mbele yenu wote. Akaunda kitu chake cha hatari, na shemeji yake akakiingiza hapa kwa sababu zao za kifamilia. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Nilikumbuka vizuri sana, mpaka nyasi za panya, mpaka maneno ya yule mume asiyehitaji kupikiwa. Niliandika yote, nikasaini, na safari hii nilichoandika kilikuwa kweli. Ile karatasi ya kwanza haikuonekana tena. Kampuni ikatoka mikono safi. Mtunza stoo alifukuzwa kwa kuingiza mashine isiyo ya kampuni, na kwa kuwa hakuwa mfanyakazi tena, nyumba aliambiwa aiachie mwisho wa mwezi.

Hawakuwa na pa kwenda ila kwa Msasa. Mdogo wake alikuja na cherehani kichwani, mume nyuma yake na begi mkono wa kushoto. Msasa aliwapa chumba chake, yeye akahamia kibandani na mashine yake.

Siku ya tatu walikaa mezani, watatu. Shemeji alikuwa anajifunza kula kwa mkono asiouzoea, chakula kinamwangukia mapajani. Akaacha kula, akauliza bila hasira, kama mtu anayetaka kufunga ukurasa:

"Dada, siku ile nilipokuja. Ulijua?"

Msasa angeweza kusema hapana. Hapakuwa na shahidi. Mdogo wake alikuwa amemtolea macho, anasubiri hiyo hapana, ameshaifungulia mlango.

"Nilijua," alisema Msasa. "Ningekwambia neno moja, ungekuwa na mkono."

Mdogo wake alisimama, akachukua sahani ya dada yake iliyojaa, akaimwaga kwenye ndoo ya taka, akaiosha, akaifuta na kuirudisha kabatini. Kisha akaketi akamlisha mume wake.

Tangu hapo alipika chakula cha watu wawili. Msasa alikula kibandani, alichojipikia. Hawakuhama kwa sababu hawakuwa na pa kuhamia, na yeye hakuwafukuza. Cherehani ililia chumbani, mashine ya chuma ikalia uani. Ajabu ni kwamba yule aliyekatwa mkono ndiye aliyebaki akizungumza naye. Alikuwa akitoka asubuhi, anakaa kwenye kopo la rangi mlangoni mwa kibanda, anamwuliza habari za pampu. Msasa alimjibu kwa adabu ambayo hakuwahi kuwa nayo. Niliwahi kwenda kumwomba radhi kwa ile saini ya kwanza, na ile ngao. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Boliti ngapi?" aliuliza.

"Sita."

"Na hata moja haikukufanya ujiulize."

Akarudi kwenye pampu yake.

Ilipita miezi saba. Asubuhi moja Msasa alisimama uani anakunywa chai, na mdogo wake akatoka na ufagio. Kwa miezi yote hiyo, akimkuta njiani, alimzunguka kama anavyozungukwa mti. Siku hiyo alifika karibu, akasita, akaitazama miguu ya dada yake.

"Sogea," alisema.

Msasa akasogea, na yule akafagia pale alipokuwa amesimama, akaendelea hadi getini.